Tulivyompitishia Paka Chakula

Atakayewaambia kwamba kisa hiki nilisimuliwa, mwambieni anyamaze, maana mimi sikusimuliwa. Nilikuwapo. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi hilo hilo la Bondeni, pembeni mwa duka la vitambaa, bega la kulia limeegemea ukuta na la kushoto limeegemewa na Gunga, na kila neno lililosemwa lilipita puani mwangu kabla halijamfikia mwenyewe. Ndiyo maana mtaani waniita Shahidi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini macho sikuyaacha huko. Ulikuwa mwaka wa Elnino, mvua imepumzika kidogo baada ya kutupiga wiki nzima, mitaro imefura, alasiri imeshasaliwa, na muuza kahawa amefika na dele lake juu ya makaa, akivigonganisha vikombe mkononi. Penye mlio wa vikombe watu hukusanyika, na watu wakishakusanyika, akili huaga ikaenda zake.

Tulikuwa wanne wa kudumu. Mimi mwenyewe. Gunga, tuliyemwita Hoteli, kwa kuwa aliwahi kuosha sahani miezi minane kwenye hoteli ya Wazungu, na tangu hapo hali kitu bila kukitolea hotuba. Kioko, tuliyemwita Injini, mtu wa Kitui aliyefanya kazi reli, ambaye hata siri huitoa kwa sauti ya honi. Na Seth, jina la kijiweni Manifesti, karani wa shehena kule Shimanzi, asiyewahi kupanda meli hata moja ila amezisoma zote kwenye karatasi.

Benchi letu lina sheria moja. Mtu wetu hafanyi jambo la maana kabla benchi halijalipitisha. Kuoza binti, kununua redio, kumeza dawa aliyopewa na daktari, kwanza aje hapa. Na mwenye jambo ndiye huwanywesha kahawa wanaompitishia, mpaka lipite. Mwaona wenyewe kwa nini mambo yetu huchelewa kupita.

Basi akaja Tsofa, mtu wetu wa mtaani, mkono mmoja kikapu, mkono mwingine kifurushi cha gazeti.

— Asalaam alaikum. Jamani, nina jambo.

— Waalaikum salaam, akajibu Gunga. Lina ukubwa gani?

— La kikombe kimoja kimoja hivi.

— Hilo ni wewe uliyeliona dogo. Ami, mimina, akamwambia muuza kahawa.

Tsofa akaketi ukingoni, akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka, rangi ya karafuu iliyokauka, mbavu waweza kuzihesabu, macho makubwa kuliko uso. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama mlio wa mlango wa kabati.

— Huyu ni Karafuu, akasema Tsofa. Nilimuokota godauni, ndani ya gunia lililolowa, nikampelekea Mejumaa. Sasa ampenda kuliko mimi.

— Wewe hata gunia lililolowa lapendwa kuliko wewe, akasema Kioko.

Tsofa akamkuna Karafuu kichwa. Akaeleza kwamba mkewe Mejumaa alikuwa amevuka kwa feri kwenda Likoni kwa siku tatu, dadake amejifungua, na leo ndiyo siku ya kurudi. Alipokuwa akitoka alimwachia neno moja tu: nikirudi nikamkuta Karafuu amedhoofu, mimi na yeye tutavuka tena, na hutatuona hapa mpaka mtoto wa dadangu aote meno.

— Alikuwa acheka akisema? nikauliza.

— Alikuwa afunga mzigo.

Mejumaa si mwanamke wa kurudia neno.

— Sasa umemlisha nini hizi siku tatu? akauliza Seth.

— Juzi nilimpa ugali na sukuma wiki. Akaunusa, akanitazama kama niliyemletea barua ya mahakama. Jana nikampa maziwa ya pakiti. Ameharisha usiku kucha, na ameharisha kwenye kiatu changu. Leo nimepita kwa Mwanabaraka hapo ng'ambo, muuza samaki. Amemwonea huruma, akamchemshia samaki changu, hakumtia chumvi, hakumtia kitunguu. Asema nimchambue miiba, nimpe kidogo kidogo, na maji pembeni. Maziwa niachane nayo.

Akafungua gazeti. Changu mzima, mweupe, bado ana joto. Karafuu akainua pua.

— Basi jambo liko wapi? akauliza Seth.

— Nataka nijue kama ndicho chakula chenyewe.

Nami nawaambia ninyi, sikumwambia yeye: mlangoni kwa Mwanabaraka hulala paka kumi na mmoja, wanene kama mito ya kochi, na kutoka benchini kwetu twawaona wote. Nilikuwa nawatazama wakati huo huo. Lakini kikombe changu ndiyo kwanza kimejazwa, na mtu hafungi jambo kikombe kikiwa moto.

— Mwanabaraka ni mchuuzi wa samaki, akasema Gunga. Muulize samaki, atakujibu. Paka ni somo jingine. Hotelini kwetu aliyejua samaki hakuruhusiwa hata kugusa kuku. Kila ndege huruka na ubawa wake. Lete nimuonje.

— Umuonje wa nini?

— Sahani haitoki jikoni haijaonjwa. Ni sheria ya dunia nzima, isipokuwa nyumbani kwako.

Akamega ubavu. Akatafuna kwa macho yaliyofumbwa.

— Hana chumvi.

— Si nimekwambia hakumtia.

— Kuambiwa ni kuambiwa. Mimi nimethibitisha. Chakula kisicho chumvi hakikai mwilini, chapita tu kama gari lisilo breki. Ndiyo maana aharisha.

— Ameharisha kwa maziwa, Gunga.

— Maziwa nayo yana chumvi?

Seth naye akamega, kuhakikisha kama kweli hamna chumvi. Nami nikamega, maana nisipoonja nitashuhudia nini? Kioko peke yake akakunja mikono.

— Mimi samaki sili, akanguruma. Sijamgusa tangu nizaliwe. Kwetu twala vitu vyenye miguu. Lakini paka nawajua. Paka wa kwetu hupewa maziwa ya kibuyu, yaliyoganda siku nne. Mpe hayo.

— Injini, huyu maziwa yamemtoa matumbo, akasema Tsofa.

— Dawa ya moto ni moto. Yamemharisha kwa sababu yalikuwa machache. Mzidishie, tumbo litachoka lenyewe.

— Ninyi mwazungumza mambo ya babu zenu, akasema Seth. Wenzetu Ulaya wameshatoka huko. Chakula cha paka chasafiri kwa meli. Nimekisoma mimi mwenyewe, mikebe elfu mbili, karatasi yake niliipiga muhuri kwa mkono huu.

— Ndani ya mkebe mna nini? akauliza Tsofa, na hapo alikuwa na matumaini kweli.

— Tumia akili. Mkebe wa nyanya wabandikwa picha gani?

— Ya nyanya.

— Wa samaki?

— Ya samaki.

— Basi ule una picha ya paka.

Tsofa akafunika kikapu kwa kiganja. Hata muuza kahawa, ambaye husema maneno mawili kwa siku, aliacha kumimina.

— Ndiyo siri yao, Seth akaendelea, sasa ameshanoga. Paka akila paka hakosi kitu. Kila kilichomo kwenye paka chaingia kwenye paka. Ndiyo maana paka wa Mzungu hana shida na panya. Panya hamjui kabisa.

— Uongo, akasema Gunga. Paka wa Mzungu nimeosha sahani yake. Ni rangi tatu. Manjano, nyekundu na kijani. Karoti aone gizani, kitunguu apate damu, pilipili boga kwa ajili ya sauti. Huyu sauti yake mwaisikia? Hiyo ni sauti ya mtu asiyekula pilipili boga.

Na kila alipotaja rangi alimega. Changu alikuwa amebaki upande mmoja. Nikamwonya, kwa sababu mimi ni mtu wa haki.

— Hoteli, wammaliza samaki.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, akanijibu. Ndiyo maana mimi sichovyi. Mimi nachukua kipande kikubwa mara moja tu.

Akachukua. Karafuu alikuwa ameshatoka kikapuni, amepanda paja la Tsofa, mguu wa mbele umefika kwenye gazeti. Gunga akamrudisha kwa kidole.

— Ngoja, bwana mdogo. Mambo yako yajadiliwa.

Nilimwona yule paka akimtazama Gunga. Sijapata kutazamwa hivyo na paka, na naomba nisitazamwe.

— Jamani, akasema Tsofa, feri ya saa kumi na moja ndiyo ya Mejumaa. Nimpe, nisimpe?

— Huyu mgeni ana siku ngapi kwako? akauliza Kioko.

— Yapata wiki.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe wiki nzima wamtafutia chakula, jembe hujampa. Makosa yako ndiyo hayo. Mfungie chumba kimoja na panya. Mmoja wao atashiba.

— Panya wa nyumbani kwangu ni wakubwa kuliko yeye.

— Basi panya atashiba. Si nimesema mmoja wao?

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akaongeza Seth. Huyu mama hana. Kumlisha ni kuuingilia ulimwengu kazi yake.

Tsofa akaagiza vikombe vya mara ya tatu. Jasho lake halikuwa la makaa. Kila aliponyanyua kipande ampe paka, mmoja wetu alisema subiri kwanza, na kile kipande, kwa kuwa kilikuwa kimeshanyanyuliwa, kilipata mdomo mwingine.

Hapo sasa ndipo nilipoona jambo la aibu. Kioko, yule yule aliyeapa kwamba samaki hali, aliinama kama afungaye kamba ya kiatu. Alipoinuka, kichwa cha changu hakipo, na shavu lake moja limevimba.

Sikupata nafasi ya kumshtaki. Mejumaa alikuwa ameshasimama mbele yetu, ametoka Feri, mzigo kichwani, pindo la leso limeiva matope. Hakutoa salamu. Mwanamke wa huku akipita kijiweni asitoe salamu, bora mvua irudi.

— Tsofa, akasema. Amekula?

Ndilo swali alilouliza. Neno moja. Tulikuwa tumeketi pale saa nzima, tumepita reli, tumepita hoteli, tumekwenda Ulaya kwa meli tukarudi, na hilo hakuna aliyekuwa ameliandalia jibu.

— Dada Mejumaa, akaanza Gunga, suala la lishe...

— Sikukuuliza wewe, kaka Gunga. Paka amekula?

Tsofa akatazama kikapu. Seth akatazama mawingu. Mejumaa akatazama gazeti. Palikuwa na uti wa mgongo uliolala peke yake, safi kama kitana.

— Hapa palikuwa na nini?

— Samaki, akasema Tsofa.

— Wa nani?

— Wa Karafuu.

— Nani kamla?

Muuza kahawa akapata kazi ya kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri.

Mejumaa hakutukana. Ningependa kuwaambia alitukana, kisa kingenoga. Alimchukua Karafuu, akampapasa tumbo kwa kidole gumba, akavuka barabara. Tulimwona akizungumza na Mwanabaraka, na Mwanabaraka akatutazama, akacheka kicheko kifupi cha puani ambacho hadi leo nikikikumbuka masikio yananichoma. Akatoa kipande cha samaki sufuriani. Mejumaa akakichambua kiganjani, akakiponda kwa vidole, akakishusha chini. Yule paka alikula huku anguruma, kitu kidogo kile, mkia umesimama kama kijiti, na wale kumi na mmoja wa Mwanabaraka wakampisha. Akala, akanywa maji kifuuni, akalamba kiganja, akalala papo hapo. Kikombe cha kahawa huchukua muda mrefu zaidi kupoa.

Mejumaa akamfunga kwenye pindo la leso, akajitwika mzigo. Akageukia njia ya Feri.

— Mejumaa, akaita Tsofa. Nyumbani ni huku.

— Nyumbani napajua. Mtoto wa dadangu hajaota meno.

Akaenda. Taratibu, kama mtu anayejua hafuatwi. Tsofa alisimama nusu, akaketi nusu.

— Nimfuate?

Gunga akafuta vidole kwenye gazeti.

— Hilo, akasema, si la kukurupukia. Keti tulijadili.

Na Tsofa, Mungu amsamehe, aliketi. Akanyoosha mkono kuagiza. Muuza kahawa akainamisha dele mpaka mwisho, likatoa tone moja la mashapo.

— Kahawa imekwisha, akasema. Hayo yalikuwa maneno yake mawili ya siku hiyo.

Ndipo Tsofa akainuka akakimbia, ndala moja akaiacha mtaroni. Feri ilikuwa imeshang'oa nanga. Mejumaa alikaa Likoni miezi mitano, maana mtoto wa dadake alichelewa kuota meno, na kila Jumapili Tsofa alivuka na changu aliyechemshwa, hana chumvi, amechambuliwa miiba, akimkabidhi paka mlangoni kabla hajaruhusiwa kuketi. Karafuu sasa ana shingo kama ya bondia.

Yote niliyoyasema ni kweli tupu, muulizeni yeyote. Ila lile la Kioko kuinama na shavu lililovimba, hilo nimelitia mimi. Kioko samaki hali kweli, na siku ile hakugusa hata mwiba. Kichwa cha changu kilikuwa kimelazwa upande wangu.