Bi Vijumba Anaondoka, Ukuta Unabaki Kwangu

Kwanza naomba radhi. Wasifu huu niliombwa wiki tatu zilizopita. Kila nikikaa kuuandika mtoto anaamka, na asipoamka naogopa mwenyewe. Nilijidanganya kwamba nisipouandika, hataondoka. Lakini Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Vijumba wetu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza mafumbo ya namba kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti letu.

Alianza akiwa bado msahihishaji. Meza yake haijahama: kati ya kabati la karatasi na dirisha lisilofungika vizuri. Miaka yote hiyo aliugua mara mbili tu, na mara zote mbili fumbo lilifika ofisini kabla ya cheti cha daktari.

Kazi yake kubwa ni Ukuta. Miaka sita iliyopita mpigapicha na mchoraji waligombana hadi uongozi ukasimamisha ubao kati ya meza zao. Sisi tuliona ubao, yeye akaona fumbo. Vijumba sita kwa sita, namba moja hadi sita, bila namba kujirudia kwenye mstari wa kulala wala wa kusimama. Na penye mstari mnene, yaani ukuta, kati ya vijumba viwili, namba za pande mbili zisifuatane. "Tatu na nne wamenuniana," alitufundisha. "Ukiwaweka ukuta mmoja, watatoana macho." Leo wapo wasomaji wanaolianza gazeti kwa nyuma.

Sheria yake ni kwamba fumbo liwe na jibu moja tu, na aliyelitengeneza asilipitishe mwenyewe. Alitatue mtu mwingine, bila kuona jibu. Fumbo la mtu anayemwamini, Bi Vijumba hulitatua kwa kalamu ya wino. La mtu asiyemwamini bado, kwa penseli.

Mwaka jana, nimetoka tu likizo ya uzazi, nilitengeneza Ukuta wa Alhamisi nikiwa nasinzia. Nikautatua mwenyewe, nikaupeleka kiwandani kuchapwa. Nilikuwa nimesahau ukuta mmoja. Asubuhi simu haikupumzika, kisha akaja mwalimu mmoja mzee na gazeti mkononi. "Binti, mimi nina jibu langu, mke wangu ana lake, na tangu chai hatusemeshani!"

Bi Vijumba alisimama mbele yangu. "Kosa ni letu, mwalimu. Nyote mmepata. Nenda kamwombe msamaha."

"Nimwombe mimi?"

"Wewe ndiye uliyekuja kushtaki."

Mwalimu alicheka hadi mlangoni. Mimi sikucheka. Mhariri mkuu alikuwa amekwisha kusema: likitoka fumbo lingine bovu, nafasi ile itapewa matangazo. Bi Vijumba hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, mjenzi haoni mlango alioacha wazi. Ndiyo maana kuna jirani." Tangu siku hiyo mafumbo yangu yote ameyatatua kwa penseli.

Sasa Jumatatu fumbo ni langu. Nimeshajaribu manne. La kwanza halina jibu hata moja. La pili na la tatu yana mawili mawili. La nne nalihesabia hata ninapomwogesha mtoto, na sioni mlango. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sababu hata ile Alhamisi sikuuona.

Bi Vijumba, ahsante kwa kututunzia ukurasa ambao wengi waliudhani mdogo. Sote hapa, pamoja na wale wawili wa ubao, tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu zetu, na asubuhi za kukaa bila haraka.

Ila kabla hujatusahau, nahitaji uniletee vitu vichache. Daftari la jalada la kijani, lenye kuta zote ulizowahi kuchora. Rula fupi iliyovunjika ncha, maana nyingine zote zinanipindisha. Namba ya simu ya yule mwalimu na mkewe, nataka kuwaomba wawe majirani wangu wa kutatua. Na lile fumbo la nne, nililolitia kwenye mkoba wako jana bila kukuambia, nalihitaji Jumapili saa nne asubuhi. Likirudi na penseli nitaelewa, nitaanza upya. Lakini nakuomba, ukiona linafaa, nirudishie kwa wino.