Maisha ya Hesbon Kundu, Muuza Nati Aliyebaki Kitale

Hesbon Kundu Eliakim alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika boma la Mzee Eliakim, nyuma ya soko la Sirisia, Bungoma. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Eliakim na Mama Lenah. Baada yake nilizaliwa mimi Phelista, ninayesoma maneno haya, na mwisho akazaliwa Nyongesa, ambaye leo ndiye mwenye boma. Wazazi wetu wote wawili wametangulia mbele za haki.

Baba alikuwa na baiskeli ya kubebea vitunguu kutoka Lwakhakha. Jumapili moja Baba akiwa kanisani, Hesbon, ambaye hata hakuwa ameanza shule, aliifungua yote, akaipangusa kipande kwa kipande, kisha akaifunga tena. Baba aliporudi alikuta baiskeli inang'aa, na nati moja imelala chini.

"Hii ni ya wapi?" Baba akauliza.

"Ilibaki, Baba."

"Ilibaki aje? Baiskeli haina nati ya kubaki!"

Baba hakuthubutu kuipanda. Aliisukuma mpaka Lwakhakha na vitunguu akavirudisha vivyo hivyo, akisukuma. Mama alisimulia kisa hiki mpaka uzeeni, na kila mara alicheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Marehemu alisoma shule ya msingi pale Sirisia na kumaliza darasa la saba mwaka 1971. Baba alitaka awe karani. Yeye akaomba apelekwe chuo cha ufundi cha kanisa mjini Bungoma, ambako alijifunza kazi ya chuma na kumaliza mwaka 1976. Alikuwa mpole, si wa maneno mengi. Akirudi nyumbani likizo, mikono yake ilinuka grisi hata baada ya kuoga, na Mama alikuwa akisema anajua Hesbon amefika kabla hajabisha hodi.

Mwaka 1977 aliajiriwa hapa Kitale katika karakana ya matrekta na mashine za kupukuchua mahindi. Walimpa stoo ya bolti na nati, kazi ambayo wengine waliikimbia kwa sababu ilikuwa ya kukaa peke yako gizani siku nzima. Yeye aliipenda. Karakana ilipofungwa mwaka 1994, alifungua kiduka chake upande wa mafundi wa jua kali, akapanga nati zake katika mikebe ya mafuta ya kupikia, kila mkebe na aina yake.

Mzee Kagwe, mkulima, ambaye tuko naye hapa, anakumbuka siku walipojuana. Jembe lake la trekta lilikuwa linaangusha nati kila mara shambani.

"Nipe ile ya kawaida, lakini kubwa kidogo," Kagwe alimwambia.

"Ukubwa si shida, bana," Hesbon akajibu. "Shamba lako si lina mawe? Jembe likitetemeka, nati ya kawaida inajizungusha pole pole mpaka inaanguka. Chukua hii yenye plastiki ndani. Inaiuma bolti, hairudi nyuma."

"Basi nipe na za kufunga bomba la moshi."

"Hapo hapana. Kuna moto, plastiki itayeyuka. Hapo tunaweka nati mbili, moja inaikaza nyingine."

Kagwe anasema alikuja kununua nati akaondoka jioni. "Kila nikiinuka, alikuwa ananionyesha mkebe mwingine," aliniambia juzi. "Ile ya gurudumu ambayo upande mmoja umechongoka ili ikae sawasawa kwenye tundu la rimu. Ile yenye meno juu, unayopitisha pini ili isizunguke kamwe. Mimi sikuwa nahitaji zote hizo. Lakini niliona huyu mtu hajaongea na mtu siku nyingi, nikakaa."

Turudi nyuma kidogo, kwenye ndoa yake, maana huko ndiko mambo mengi yalianzia.

Jepkosgei alikuwa fundi cherehani, binti wa upande wa Cherangany, aliyekuwa akishona maovaroli ya wafanyakazi wa karakana. Hesbon alimleta nyumbani Sirisia mwaka 1983 amtambulishe. Baba hata hakuketi. "Huyo si wa kwetu," alisema. "Ukitaka kumwoa, mwoe huko huko." Walifunga ndoa kanisani hapa Kitale tarehe 10 Desemba mwaka huo. Kutoka nyumbani tulikuja wawili tu, Mama na mimi, na Mama alimwambia Baba kwamba tunakwenda kumtembelea mgonjwa.

Nataka niseme hapa kwamba walipendana sana. Jepkosgei alipopata ujauzito, Hesbon alianza kutengeneza kitanda cha mtoto kwa mabomba ya chuma. Nilikitazama mwenyewe. Kila mahali ncha ya bolti ilipotokeza, alikuwa ameweka nati ya kofia, ile iliyozibwa juu na kuviringwa, ili chuma kisimkwaruze mtoto wala kumnasa nguo. Jepkosgei alipitisha kiganja chake juu ya kila moja, akacheka, akaniambia, "Wifi, ndugu yako ameshaanza kulea, na mtoto bado."

Jepkosgei alifariki wakati wa kujifungua, Aprili 1985, pamoja na mtoto wao wa kike.

Hesbon alisafiri mpaka Sirisia kuomba mahali pa kuwazika. Baba alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia.

"Hapa hatuna nafasi yake," Baba alisema.

"Baba, ni mke wangu. Na mjukuu wako."

"Nilishasema."

Hesbon hakubishana. Alisimama kidogo uani, akamwamkia Mama kwa heshima, akageuka akarudi Kitale. Aliwazika hapa, katika makaburi haya ya kanisa, akisaidiwa na wenzake wa karakana. Kitanda alikifungua kwa spana, nati moja baada ya nyingine, akakipeleka wodi ya watoto, akakifunga upya kwa mikono yake na kuondoka bila kuacha jina.

Tangu hapo hakurudi kuishi nyumbani, na hakuoa tena. Baba alipofariki mwaka 1998 alikuja, akatupa udongo, akaondoka kabla ya chakula. Mama alipofariki mwaka 2009 alilala usiku mmoja kwenye kiti, karibu na mlango. Nyongesa alimtandikia kitanda, asubuhi kikakutwa hakijaguswa.

Jumapili zake zilikuwa za namna moja: ibada, kisha kaburini, kisha chai katika hoteli ndogo ya Fardosa, jirani yake pale jua kali. Fardosa anasema alikuwa akikaa mpaka viti vinapandishwa juu ya meza, akiwauliza watoto wake mmoja mmoja habari za shule. "Hakuwa na haraka ya kwenda kwake," Fardosa aliniambia. "Kwake hakukuwa na mtu wa kumfungulia." Hata Krismasi alifungua duka. Nilipomlaumu kwa simu alinijibu, "Watu wanaharibikiwa njiani hata Krismasi, Phelista." Lakini Fardosa anasema siku hizo hakuja mteja yeyote. Alikaa tu mlangoni na radio.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa kisukari. Alijitahidi sana na dawa na chakula, lakini kufikia mwaka jana ulikuwa umemwingia vidoleni, vikafa ganzi. Kwa mtu wa kazi yake hilo lilikuwa jambo kubwa. Siku zote alifundisha kwamba nati haianzwi kwa spana. Unaianza kwa vidole, unairudisha nyuma kidogo mpaka uihisi imekaa kwenye njia yake, ndipo unaipeleka mbele. Ikipanda upande, inakula meno ya bolti, na utadhani imekaza kumbe haijashika kitu.

Siku moja alimfungia dereva wa lori gurudumu. Lori lilipoondoka, moyo ukakataa. Nati moja ilikuwa imegoma katikati, naye aliilazimisha kwa spana bila kuihisi. Alimpigia dereva simu.

"Uko wapi?"

"Napita Kiminini, mzee. Kuna nini?"

"Simama hapo hapo. Tafadhali usisogee hata kidogo."

Alimfuata kwa bodaboda. Alikuta nati imepanda upande na bolti imeliwa. Akabadilisha zote mbili, akamwomba dereva mwenyewe azianze kwa vidole vyake, kisha akamwomba msamaha. Asubuhi iliyofuata hakufungua duka. Alinipigia.

"Phelista, vidole vimekufa. Siwezi kumuuzia mtu kitu nisichokihisi."

"Basi njoo ukae kwangu Bungoma, ndugu yangu. Nyumba ina nafasi."

"Na Jepkosgei nimwachie nani?"

Mwezi Juni mwaka huu figo zake zilianza kushindwa, akalazwa hapa Kitale. Mimi nilikaa naye wiki zile za mwisho. Siku moja alishika mkono wangu, ingawa sijui kama aliuhisi, akasema, "Msinipeleke Sirisia. Si kwa hasira. Hasira yangu kwa Baba iliniisha zamani. Ila nilimwambia Jepkosgei hatalala peke yake siku zote." Alifariki Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Wengi mnajua yaliyofuata, na Nyongesa ameniruhusu niyaseme. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa Sirisia. Nyongesa alikuja Kitale kuchukua mwili. Nilimweleza wosia wa ndugu yetu, akakataa.

"Kifungua mimba hazikwi ugenini, dada. Watu watasema nini? Kwamba nilimfungia boma?"

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nilimwambia kabla ya kwenda mochari tupite hapa kaburini kwanza, na Mzee Kagwe akatusindikiza.

Tulikuta kaburi safi, limezungushiwa uzio wa chuma mpana kuliko kaburi lenyewe, nafasi ya mtu mmoja ikiwa imeachwa upande wa kushoto. Pande tatu za uzio nati zake zilikuwa zimechomelewa ili wezi wa vyuma chakavu wasizifungue. Lakini upande ule wa kushoto kulikuwa na nati zenye masikio mawili, zile zinazofunguliwa kwa vidole tu, zimepakwa grisi.

Nyongesa aliinama akazitazama. "Hizi mbona hakuzichomelea?"

Kagwe alijibu taratibu. "Alizifunga Januari. Mimi nilimshikia chuma, kwa sababu vidole vilikuwa vinamkataa. Nilimwambia wezi watazifungua. Akasema atakuwa anapita kuzitazama. Akasema, 'Siku ya kunileta hapa ndugu zangu watakuwa na uchungu. Sitaki wahangaike kutafuta spana.'"

Nyongesa alishika nati moja akaizungusha. Ilimfuata mkononi bila shida. Aliketi kwenye nyasi na nati ile kiganjani, akalia jinsi ambavyo sikuwahi kumwona akilia tangu utoto wetu. Kisha akawapigia wazee wa Sirisia, akawaambia wazike shina la mgomba katika lile kaburi, maana kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, na mwenyewe haji. Ndiyo maana leo ni sisi wa Sirisia tuliokuja kwake. Hatukuwahi kuja wote pamoja akiwa hai.

Marehemu ameacha dada yake Phelista, wa Bungoma, ndugu yake Nyongesa na familia yote ya boma la Mzee Eliakim. Ameacha pia marafiki waliomwona kila siku sisi tukiwa mbali, Mzee Kagwe na Mama Fardosa, pamoja na mafundi wa jua kali waliofunga maduka yao leo kwa heshima yake. Ametanguliwa na mkewe Jepkosgei na binti yao. Mtoto huyo alikuwa na jina. Hesbon alinitajia pale hospitalini tu, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumwuliza. Anaitwa Nabwile.

Mungu awape wote watatu pumziko lililo kimya na lenye amani.