Luhaga Ndaki, Fundi Aliyekataa Kutia Sahihi

Waombolezaji mliofika hapa Ipililo kutoka Maswa, Dutwa na Bariadi, familia ya mzee Ndaki Mayige inaomba mtulie kidogo, iwaeleze Luhaga alivyoishi na kilichomuua.

Luhaga Ndaki alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapa Ipililo, wilayani Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ndaki na mkewe, mayu Lukresia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, na kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, alichunga ng'ombe wa baba yake miaka miwili, kisha mwaka 1997 akaenda Dutwa kujifunza kazi kwa fundi wa baiskeli na majembe ya kukokotwa, ambako ndiko alikoshika mashine ya kuchomelea kwa mara ya kwanza.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa mjini Bariadi katika karakana ya Bwana Elineema, akitengeneza mageti, madirisha na matela ya kubebea pamba. Tarehe 12 Juni 2004 alifunga ndoa na Joyness Maganga wa Dutwa, wakajaliwa watoto watatu, Shida, Onesphory na Veronica, ambao mnawaona hapa wamekaa na mama yao.

Kwa kuwa miaka kumi na minane ya marehemu iliishia katika karakana hiyo, familia itaieleza. Ilikuwa godauni lenye mlango mmoja, madirisha ya nyuma yamezibwa kwa mabati ili wapita njia wasichungulie, na mafundi tisa walichomelea humo mabomba yaliyopakwa madini ya zinki, moshi mweupe ukipanda hadi kwenye paa na kurudi chini kwa kukosa pa kutokea. Bwana Elineema mwenyewe hakuuvuta, maana ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi, na mlango wake wa kioo aliuzungushia mpira pembeni ili moshi usipenye, kwa hiyo asije mtu akasema hapa kwamba bosi hakujua. Alijua vizuri sana, akajikinga yeye. Mafundi aliwapa pakiti ya maziwa kila Jumamosi, akiwaambia kwamba maziwa yanasafisha kifua, nao wakanywa, wakashukuru, wakarudi kwenye moshi.

Miwani, glavu za ngozi na barakoa zilikuwepo, tena mpya, ndani ya kabati lenye kufuli. Mwezi Februari 2016, wakaguzi walipotangaza kufika, vifaa hivyo viligawiwa asubuhi, mafundi wakapigwa picha wamependeza, na wageni walipomaliza soda zao na kuondoka, msimamizi akapita na boksi kuvikusanya. Luhaga peke yake hakuvua.

"Bosi, haya macho nitayatumia na kesho," alisema.

Bwana Elineema alimtazama, akacheka mbele ya wote. "Wewe umelelewa kwenye moshi wa jiko la mama yako, huu wa hapa ndio utakuua?"

Wenzake walicheka pia, kwa sababu aliyecheka kwanza ndiye aliyewapa kazi, na Luhaga akavua miwani akaitia kwenye boksi. Alimsimulia mkewe baadaye kwamba mkono wake ule aliuonea aibu kuliko aibu yoyote aliyowahi kuipata.

Tarehe 9 Septemba 2021 grainda, mashine ya kukatia chuma, iliyokuwa imetolewa kava ili ikate vyuma vinene, ilipasuka jiwe lake la kukatia, na kipande kikaingia kwenye jicho la kulia la Maduhu, fundi aliyefanya kazi meza moja na marehemu. Luhaga alimbeba kwa bodaboda hadi hospitali, jicho halikupona. Siku ya nne aliitwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, akakuta karatasi iliyochapwa tayari, ikieleza kwamba Maduhu aliangushwa na pikipiki akiwa mapumzikoni, na chini yake imeachwa nafasi ya shahidi. Bwana Elineema alimpa kalamu, akamkumbusha kwamba ana watoto watatu wanaosoma. Luhaga aliisoma karatasi yote, polepole, kisha akairudisha mezani.

"Pikipiki hiyo sikuiona," alisema. "Nilichoona ni grainda yako."

Jioni hiyohiyo alifukuzwa kwa ujumbe wa simu, wenye maneno manne, asante na salamu hazimo.

Alirudi Dutwa, akafungua banda lake, lililo wazi pande zote upepo upite, akamwajiri Maduhu na jicho lake moja, na hakuna aliyegusa mashine pale bila kujikinga uso. Wateja walimtania wakamwita daktari. Alikuwa amechelewa yeye tu.

Kikohozi kilianza mwezi Mei 2022. Alitibiwa kifua kikuu miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha ugonjwa, akapata nafuu, akazidiwa, na mwezi Oktoba 2024 akapelekwa Mwanza, ambako daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kumuuliza anafanya kazi gani. Alipojibiwa, alieleza kwamba mapafu yalikuwa yamejaa makovu ya moshi na vumbi la chuma, na kwamba dawa ya kuyarudisha haipo. Kuanzia Januari hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, nyumbani kwake Dutwa, mkewe akiwa amemwegemeza kifuani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, majirani wa Dutwa waliopokezana kumuuguza, waumini waliokesha nasi, na Maduhu, ambaye wiki hizi zote hakuondoka kando ya kitanda. Bwana Elineema, aliyefika leo na shada kubwa kuliko yote, aliomba dakika tano za kusema juu ya mfanyakazi wake hodari. Familia ilikaa kikao, ikamjibu hapana. Anaruhusiwa kukaa na kusikiliza kama wengine.

Pumzika kwa amani, baba Shida, kifua chako hakidaiwi pumzi tena.