Mwalimu Kokulinda na Kiti Alichokirudisha Ofisini

Umekalia nini hapo ulipo?

Mtuwie radhi kwa kuanza wasifu wa mama yetu na swali la namna hiyo, mbele ya Padre na wazee. Lakini ndilo swali alilolibeba miaka minne ya mwisho ya kazi yake, na hatuwezi kumzika leo kana kwamba hakuliuliza.

Marehemu Mwalimu Dorotea Kokulinda Mayala alizaliwa tarehe 17 Agosti 1967 huko Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Privatus Rwekaza na Mama Bernadetta, wakulima wa ndizi na kahawa. Alibatizwa akiwa mchanga, na imani aliyobatizwa nayo ndiyo aliyokufa nayo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1985. Darasani alikuwa wa kwanza au wa pili, hakujua nafasi nyingine. Viti vilikuwa vichache hata enzi hizo, ila yeye hakuwahi kukosa. Tunalitaja hili kwa sababu mara yake ya kwanza kukaa sakafuni darasani alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, naye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Alihitimu mafunzo ya ualimu mwaka 1988 akapangiwa Ukerewe. Alifundisha huko miaka tisa, akajifunza Kikerewe cha kutosha kuwasema wazazi wasioleta watoto shuleni. Mwaka 1997 alihamishiwa hapa Kisesa, katika shule ya msingi ambayo paa lake mnaliona kutokea hapa. Hakuondoka tena.

Baba yetu, mzee Antoni Mayala, alikutana naye Nansio alikokwenda kutengeneza mashine ya kusaga. Walifunga ndoa Kamachumu tarehe 8 Januari 1994. Marehemu bibi yetu, Mama Selina, alimpokea hapa nyumbani kwa swali: "Wewe Mhaya, utaweza kulala na ng'ombe wanalia nje?"

"Nitaweza mama, kama na wao watanivumilia."

Alipanda migomba nyuma ya nyumba. Majirani wakamcheka, ardhi hii si ya migomba. Akaimwagilia maji ya kuoshea vyombo, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikazaa. Mkungu wa kwanza ulipokomaa bibi alikuwa wa kwanza kuwatangazia wageni, "Njooni mle ndizi zangu." Mama akazimenya.

Tunafika kwenye sehemu ambayo wajomba walishauri irukwe. Baba amesema isomwe. Mwalimu Mkuu Yeremia Malimi, ambaye yuko nasi hapa, alijulishwa jana, naye akajibu, "Isomeni."

Mwalimu Malimi alikuja shuleni Januari 2021. Alikuta watoto wengi kuliko madawati na matokeo ya chini. Akatoa agizo: baada ya kila mtihani, dawati atapewa aliyefanya vizuri, na walioshika mkia watakaa sakafuni hadi mtihani unaofuata. Ni haki kusema kwamba matokeo yalipanda, na wazazi wengi walifurahi. Mama yetu hakufurahi. Alikuwa na Darasa la Nne, na aliona kwamba anayekaa chini huandikia magotini, mwandiko unaharibika, mgongo unauma, na mtihani unaofuata unamkuta pale pale. Aliomba watoto wakae kwa zamu, kila wiki wengine. Akakataliwa.

Siku iliyofuata alibeba kiti chake cha darasani akakipeleka ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Kimevunjika?"

"Hakijavunjika. Nakirudisha mpaka watoto wangu wote wapate pa kukaa."

"Mwalimu, unanigomea."

"Nafundisha. Mgomaji hafundishi."

"Na ukichoka?"

"Nikichoka nitachoka nikiwa nimesimama, Mwalimu Mkuu. Wenzangu kule wanachoka wakiwa chini."

Tangu siku hiyo alifundisha akiwa amesimama, kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Walimu wenzake walimtania getini. "Shikamoo mlinzi, leo lindo vipi?" Aliitikia marahaba, akaendelea na safari. Aliitwa kwenye vikao akaambiwa anavunja nidhamu ya kazi. Alijibu kwa heshima, na kesho yake akasimama. Mwalimu Malimi naye hakulegea. Aliamini kabisa kwamba mtoto bila woga wa sakafu hasomi. Walikuwa watu wawili wenye shingo ngumu, kila mmoja akidhani anawaokoa watoto wale wale.

Mmoja wa wanawe, aliporudi likizo kutoka chuoni, alitaka kwenda shuleni kumweleza Mwalimu Mkuu anavyomwona. Mama alimzuia mlangoni.

"Utasema nini?"

"Nitasema ni uonevu."

"Ukimtukana, kesho atasema nimetuma vijana. Hii kazi ni yangu. Kaa hapo, umenye ndizi."

Akamenya.

Oktoba 2022 miguu yake ilianza kuvimba. Hospitalini aliambiwa ni moyo, na akakatazwa kusimama muda mrefu. Tulifikiri sasa atakichukua kiti. Jumatatu aliingia darasani na khanga, akaitandika sakafuni kwenye safu ya nyuma, akakaa na walioshika mkia. Ubao aliandikiwa na watoto kwa zamu huku yeye akisoma kwa sauti kutoka chini. Mwalimu Malimi aliposimama mlangoni hakumwona.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

"Niko huku, Mwalimu Mkuu."

"Wageni wa wilaya wakija wakukute hivyo?"

"Wakija wataniuliza kwa nini. Nitawaambia wakuulize wewe."

Baba alimsihi aombe ruhusa ya ugonjwa apumzike. Alimjibu kwamba nyumbani angekaa kwenye kochi akiwawaza. Hatusemi kwamba alikuwa na hekima katika hilo. Sakafu ile ni ya baridi, na kuinuka kwake kulikuwa kwa kushikwa mikono na watoto. Huenda angepumzika tungekuwa naye hadi leo. Lakini ndivyo alivyokuwa, na tukimpamba kwa upole ambao hakuwa nao tutakuwa tunamzika mtu mwingine.

Mwaka huu jirani yake pale sakafuni alikuwa binti aitwaye Kija, ambaye kwa agizo lile hajawahi kukalia dawati. Mama alipenda kutusimulia habari zake jioni. Alisema mtoto huyu hajui kujumlisha akiitwa mbele, ila akiulizwa kwa kunong'onezwa anajua. "Huyo siyo mjinga," alisema. "Anaogopa kuonekana."

Tarehe 8 Mei 2025 alizidiwa, akalazwa jijini Mwanza. Alifariki Jumanne tarehe 13 Mei, saa kumi jioni, baba akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwetu lilikuwa kuuliza kama Darasa la Nne limepata mwalimu.

Marehemu ameacha mume, mzee Antoni Mayala, watoto watatu, Gladness, Rwekaza na Jonathan, wajukuu wawili, dada yake na kaka zake wawili walioko Kamachumu, na watoto wa Darasa la Nne, ambao baba ameagiza watajwe hapa kama familia. Mwenyezi Mungu ampe mahali pa kukaa, apumzishe miguu yake.

Limebaki jambo la Jumatano asubuhi, siku iliyofuata kifo chake. Viti vya kukodi vilikuwa havijafika na wazee walikuwa wamekaa juu ya mawe. Ndipo tukaona watoto wa Darasa la Nne wakipanda kutoka shuleni, wanne wanne, kila kundi na dawati. Dawati la mwisho lilikuwa na watoto wawili mbele, na nyuma yao Mwalimu Malimi, koti begani. Ndiyo hayo mliyokalia.

Baba alimshukuru, kisha akamwuliza, "Sasa Darasa la Nne watakalia nini leo?"

"Watakaa chini, mzee. Wote. Nitakuwa nao mwenyewe, hawana mwalimu."

Baadaye baba alinituma mimi ninayesoma wasifu huu nipeleke shukrani za ukoo. Nilisimama mlangoni mwa darasa. Chumba hakikuwa na dawati hata moja, watoto wote wako sakafuni, wa kwanza na wa mwisho hawajulikani, waliozoea madawati wakihangaika wasijue miguu waiweke wapi. Mwalimu Malimi alikuwa anainama taratibu akitafuta pa kukaa.

Binti mmoja wa safu ya nyuma aliinua mkono. Alikuwa Kija.

"Mwalimu, hapo saruji imebanduka, inachoma. Njoo huku, ndiko alikokuwa anakaa mwalimu wetu."

Akasogea kumpisha. Mwalimu Malimi akapita katikati ya watoto, akaenda kukaa.