Roboti Yetu Haipandi Ngazi

Mgeni rasmi, mheshimiwa afisa elimu, pamoja na mwalimu mkuu, wazazi na wajukuu zetu,

Wanaotuzidi umri, shikamooni, kama mpo.

KARIBU

Pole na safari. Kiti ulichokalia kinayumba mguu mmoja. Usishtuke, kimebeba wengi. Sisi ni wanafunzi kumi na wawili wa timu ya roboti, na bibi watatu wanaokaa nao kila jioni. Tumemchagua bibi wa nahodha asome. Shule aliishia ya msingi, hivyo akikwama mvumilieni.

TULIKOTOKA

Timu ilianzishwa na mwalimu wa sayansi. Alihamishwa mwaka jana, roboti ikiwa haina hata magurudumu. Watoto hawaruhusiwi kushika chuma cha kuchomelea nyaya bila mtu mzima. Sisi bibi, mafundi cherehani, tukasema tutakaa tu. Kukaa kukageuka kazi.

TULICHOWEZA

Kwanza, kitendawili. Mapacha wamepeana mgongo. Ukiwaambia “twende mbele,” wanaachana. Jibu linakuja.

Roboti ina mota mbili, kila moja na swichi yake. Nyuma ya swichi kuna miguu sita ya kufungia nyaya, na nyaya mbili zinapishana hapo kama mshono wa msalaba, ili ukisukuma gurudumu liende mbele, ukivuta lirudi, ukiiacha katikati lisimame. Hilo halikutusumbua. Lakini mota zote mbili tulizifunga sawasawa, nyekundu kwa nyekundu, nadhifu kama vifungo vya shati. Tukasukuma swichi zote. Roboti ikazunguka palepale.

“Bibi, ina kizunguzungu,” nahodha akasema.

“Mpe maji akae chini.”

Wiki mbili tulibadilisha betri na kulaumu mota. Hadi siku moja bibi mmoja, akikata gauni, akaacha mkasi hewani: “Jamani! Mkono wa gauni, wa kulia na wa kushoto, tunakata kwa kugeuza kitambaa. Hizi mota tumezishona mikono miwili ya kushoto!”

Mota ndizo mapacha wetu: zimepeana mgongo, hivyo zikifungwa sawa, moja huenda mbele na nyingine nyuma. Tukabadilisha nafasi za nyaya mbili za mota moja tu, na roboti ikaenda moja kwa moja mpaka ikagonga ukuta. Tulipiga vigelegele, kisha tukakaa, miguu imekufa ganzi.

YANAYOTUCHOSHA

Tumechoka, mheshimiwa. Hii ni risala ya nne ya kuomba mwalimu wa timu. Wageni watatu waliotangulia walipokea zao kwa mikono miwili, wakazikunja vizuri, wakasema suala linashughulikiwa. Tuliwapigia makofi.

Mashindano ni Jumamosi hii. Timu lazima iandikishwe na mwalimu, bibi hahesabiki. Orodha inafungwa kesho. Mwalimu wa hisabati amekubali, yule pale mlangoni. Kinachokosekana ni saini yako kwenye barua ya kumteua.

OMBI

Risala hii hatutakukabidhi, tutabaki nayo. Barua tumeifunga mgongoni mwa roboti, pamoja na kalamu. Nahodha ataiendesha hadi hapo mbele yako.

Ila meza kuu iko juu ya ngazi tatu, na roboti yetu haipandi ngazi. Itasimama chini, swichi zote katikati, ikingoja.

Tunakuomba ushuke.

Mungu akujalie afya, safari njema ya kurudi, na magoti yasiyouma.

Ni sisi,
Timu ya Roboti na Bibi Zao