Mwalimu Edina na Kidonda Kilichoshinda Dawa

Wapendwa mliokuja kulia nasi hapa Buigiri, familia imenituma niwasomee safari ya mtoto wetu, nami nitaisoma yote, hata yale ambayo wengine wangependa yapitwe kimya.

Mwalimu Edina Stanley Matonya alizaliwa hapa Buigiri tarehe 9 Mei 1986, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Stanley Matonya na Mama Anjelina. Mwaka 1992 alichomwa sindano ya penisilini kwa ajili ya mafindofindo, akavimba uso na koo, pumzi ikambana, akaokolewa kwa taabu, na tangu hapo mama yake hakumwingiza zahanati yoyote bila kutangaza mlangoni, "Huyu penisilini inamuua."

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Dodoma mjini, kisha akasomea ualimu wa elimu maalumu, na mwaka 2009 akaajiriwa kufundisha watoto wasioona, kazi aliyoipenda mno, akiwashika vidole watoto wa darasa la kwanza na kuvipitisha juu ya nukta za breli mpaka mtoto acheke kwa kulitambua jina lake. Tarehe 17 Desemba 2011 alifunga ndoa na Ndugu Lameck Chibago, wakajenga Ipagala, wakajaliwa watoto wawili, Erica na Brighton.

Tarehe 8 Februari 2025, akipalilia uwele shambani kwa mama yake, jembe lilimkata mguu wa kushoto. Kidonda kilipotunga usaha alinunua azithromaisini, dawa ya kuua bakteria isiyo ya jamii ya penisilini, duka la dawa, akaimaliza yote, lakini mguu ukazidi kuvimba na kuwaka moto, na tarehe 14 akalazwa, mama yake akitangaza mlangoni maneno yale yale. Maabara ikaotesha usaha, ikakuta streptokoka, bakteria waliobeba vinasaba vya usugu, yaani urithi unaowawezesha kuishi ndani ya azithromaisini na jamaa zake. Penisilini ingewaua, lakini ndiyo ambayo Edina hakuweza kupewa. Madaktari walipopata dawa nyingine, nyama ilikuwa imeshaoza, ikabidi mguu ukatwe. Lameck alishindwa kutia sahihi, akatoka nje akilia, Edina akaomba kalamu mwenyewe, akasema, "Kateni. Mimi nafundisha kwa vidole."

Alikatwa tarehe 19, akapata nafuu, akanywa uji, akaulizia wanafunzi wake, kisha homa ikarudi, maambukizi yakawa yameenea damuni, figo zikagoma, akafariki tarehe 24 Februari 2025.

Tangu msiba uanze yamesikika maneno jikoni na chini ya turubai, kwamba Mama Anjelina ndiye aliyemzuilia mwanawe dawa. Mama mwenyewe alimuuliza daktari, "Ningenyamaza, angepona?" akajibiwa, "Mama, ungenyamaza, sindano ingemuua kabla ya kidonda." Tunayasoma haya mbele ya jeneza ili yaishie hapa, ingawa tunajua mama bado anajiuliza.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na watu wa maabara, majirani wa Ipagala waliopokezana kitandani pake, na walimu wenzake waliowaleta wanafunzi wake leo. Daktari ametuomba tuwaambie kwamba usugu huu hukua pale tunapomeza dawa hizi za kuua bakteria ovyo, kwa kila kikohozi na kila mafua, na kwamba aliyeumia si lazima awe ndiye aliyekosea.

Mwalimu Edina, mama yako tutamtunza. Nenda, upumzike kwa amani.