Meneja wa Madai wa Ghorofa ya Saba

Ndugu wa familia, majirani wa ghorofa zote saba, mafundi wenzake baba, na nyote mliofika kumsindikiza, karatasi hii alitakiwa aisome baba mdogo, lakini amejaribu nyumbani sauti ikakataa, akaniambia wewe ndiye mtoto, soma wewe, kwa hiyo nasoma mimi, naomba mnivumilie nikienda mbio, kwa sababu nikienda polepole nitasimama, na nikisimama sitaweza kuendelea. Wengi mmeniuliza tangu juzi kama mimi na mtoto tutabaki kwenye chumba cha baba, nitafika huko, na wewe afisa nyumba nimekuona umekaa pale nyuma, nashukuru umekuja, naomba usiondoke kabla sijamaliza.

Marehemu baba yangu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Mei 1966, katika nyumba ya kupanga nyuma ya soko la mbao, mtoto wa kwanza kati ya wawili, baba yake akiwa mpakuaji wa mizigo stesheni ya reli na mama yake akifua nguo za watu. Nyumba ile ilikuwa na bomba moja uani kwa wapangaji wote, na baba alipenda kusimulia kwamba alijua kupanga foleni ya maji kabla hajajua kusema, lakini baba mdogo ameniomba nisahihishe hapa mbele yenu, anasema kaka yake hakupanga foleni hata siku moja, alikuwa anamtuma yeye.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974, akamaliza shule ya msingi mwaka 1980, akaingia sekondari mwaka uliofuata, akaishia kidato cha pili, Novemba 1982, babu alipoumia mgongo kazini na ada ikawa haipatikani. Januari 1984 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea ubomba, na tarehe 5 Desemba 1985 alihitimu, na mwalimu wake wa siku ya kwanza baba hakumsahau mpaka anakufa, kwa sababu alimwambia, kijana, kushusha maji hata mvua inaweza, wewe umekuja hapa kujifunza kuyapandisha.

Februari 1986 aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikitunza mabomba ya majengo makubwa ya katikati ya jiji, akafanya kazi hapo mpaka Machi 2020, majengo yalipofungwa kwa sababu ya korona na wote wakaambiwa waende nyumbani wakasubiri simu, simu ambayo haikupigwa.

Kuhusu ndoa, mwaka 1993 alitumwa kwenye jengo la kampuni ya bima, hilo hilo ambalo majirani zangu mmetoka asubuhi hii, kutengeneza sinki lililokuwa linavuja ghorofa ya saba, na mama yangu ndiye aliyekuwa anafanya usafi ghorofa hiyo. Alikuwa ametoka kupiga deki, akamwambia fundi, hapo usikanyage, na baba akavua viatu, akavuka sakafu na soksi zilizotoboka vidole viwili, mama akacheka mpaka akakalia ndoo. Sinki lile lilikuwa la kazi ya saa moja lakini baba alirudi kulikagua wiki nzima, na walifunga ndoa tarehe 22 Oktoba 1994.

Mama alizikwa Julai 2020, tukiwa watu sita, tumesimama mbali mbali, waliovaa mavazi ya plastiki wakiwa wengi kuliko sisi, na historia yake haikusomwa na mtu, kwa hiyo naomba nimsome naye humu humu, sitachukua muda. Alifanya usafi kwenye jengo lile miaka ishirini na sita, alijua kila meza, alijua nani anaficha biskuti kwenye droo, na jioni wenye ofisi wakishaondoka alikuwa anasimama kwenye dirisha la mwisho la ghorofa ya saba anapumzisha mgongo, aliniambia kutoka pale jiji linaonekana kama limepigwa deki. Basi, ni hayo tu ya mama.

Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1996 akaishi siku chache, na wa pili ni mimi, niliyezaliwa tarehe 3 Machi 1999, nikasoma mpaka kidato cha nne. Mjukuu ni mmoja, ndiye huyu mgongoni, alizaliwa tarehe 11 Februari mwaka huu, baba yake aliondoka kutafuta kazi kabla hajazaliwa na simu yake haipatikani, hilo naliacha hapo.

Ugonjwa uliwaingia baba na mama wiki moja, Julai ile ile ya 2020, mama akafariki tarehe 19, baba akatoka hospitali tarehe 8 Agosti, lakini mapafu yake hayakutoka naye, daktari alisema yamebaki na makovu, asibebe vizito, asipande ngazi nyingi. Mwezi huo huo mwenye nyumba alitutoa, simlaumu, naye alikuwa na watoto na sisi hatukuwa na kodi, tukahamia sebuleni kwa baba mdogo, baba akilala kwenye kochi na mimi chini, na mama mdogo kwa karibu miaka mitatu na nusu hakuwahi kutuuliza mnaondoka lini, mama mdogo ahsante.

Mwaka 2022 jiji lilichukua jengo la bima, maana wafanyakazi wake walikuwa wamezoea kufanyia kazi nyumbani na hawakurudi tena, likaamua kuligawa vyumba vya kodi nafuu kwa watu waliopoteza makazi wakati wa janga, na baba aliitwa kusimamia mafundi bomba. Kazi ilikuwa ngumu, ofisi si nyumba, vyoo vyote viko upande mmoja wa jengo, na sasa kila chumba kilitaka sinki, bafu na mahali pa kupikia, ilibidi watoboe sakafu saba za zege ili mabomba yapite, baba akirudi jioni nywele nyeupe kwa vumbi, anakohoa, anacheka, anasema leo tumefika ya nne. Sikuwahi kumuona na furaha vile tangu mama aondoke.

Juni 2023 ilikuja zamu ya kujiandikisha, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu ndipo mambo yangu yalipofungwa. Vyumba vilivyokuwa tayari vilikuwa vya mtu mmoja mmoja, nyumba za familia zilikuwa za awamu ya pili, pale ng'ambo ya barabara penye uzio wa mabati uliochorwa baba na mama na watoto wanacheka. Baba alijiandikisha yuko peke yake. Mimi nilikuwa na mimba changa, nikamwambia baba, na sisi je, akaniambia mwanangu, ukiandikwa wewe tutasubiri mpaka huyo aliye tumboni aote ndevu, ninyi mtakuja kama wageni, mgeni hahesabiwi, awamu ya pili ikianza tutaandikana wote. Niliona ni akili. Mafundi wengi walifanya hivyo hivyo, nawaona hapa mnaangalia chini, msiangalie chini, kila mtu alitaka mlango.

Injinia wa mradi, mama yule aliyekaa mstari wa mbele, alimwambia mzee, chukua chumba cha chini, lifti ya hapa itawekwa awamu ya pili na mapafu yako unayajua, na baba akamjibu injinia, maji yakiniamkia mimi juu ujue yamewaamkia wote, fundi akikaa chini atajuaje, akachagua ghorofa ya saba, chumba cha mwisho, chenye dirisha. Injinia alinieleza juzi akilia kwamba alimwamini, aliona ni sababu ya kazi. Mama injinia, ilikuwa ya kazi pia.

Tulihamia Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023. Chumba bado kina soketi za umeme katikati ya sakafu palipokuwa na meza, nimezibandika karatasi ya gundi ili mtoto asiingize kidole, zulia lina alama za miguu ya kabati, na mlangoni kuna kibao cha shaba kimeandikwa Meneja wa Madai, baba alikataa kisitolewe, ndiyo maana ninyi wote mnamjua kama Meneja. Maji yakikatika mlikuwa mnaita kutoka chini, Meneja, madai yangu vipi, naye anajibu kutoka juu, lete vielelezo. Kwa ngazi zile alikuwa anapumzika ghorofa ya nne, kwenye kiti ambacho Mama Cherehani alimtolea nje ya mlango wake, na Mama Cherehani alikuwa anamtania, Meneja, hiki kiti nitakuandikia risiti, na baba akishapata pumzi anamwambia, andika, utanikuta ofisini.

Kuhusu kifo chake, Alhamisi ya tarehe 5 Septemba pampu ya chini iliharibika, maji yakawa yanaishia ghorofa ya tano, na baba akawa anashuka na kupanda, nikamwambia baba, waachie vijana, akasema vijana hawaijui, nikamwambia basi nami nitashuka niwaelekeze, akacheka, akasema wewe hata pampu na mtungi wa gesi utavitofautisha kweli? Jumapili tarehe 8 mchana pampu ilikubali, nilisikia bomba letu likikohoa halafu maji yakaja, nikachungulia kwenye ngazi nimwite, baba, yamefika, hakujibu, nikadhani yuko mbali. Alikuwa kwenye kiti cha ghorofa ya nne na hakuweza kuinuka. Mama Cherehani ndiye aliyepiga kelele. Nilishuka na mtoto kifuani, midomo ya baba ilikuwa imebadilika rangi, nilimpepea na kanga, sikujua kingine cha kufanya, gari la wagonjwa lilisema liko upande mwingine wa jiji, lifti ni tundu tu lililozibwa mbao, basi wanaume wanne walimbeba na kiti chake hivyo hivyo mpaka chini, na mmoja wa wanne hao alikuwa afisa nyumba, aliyekuja kukagua pampu, shati lake lilichanika begani na hakulisema. Kwenye gari la kukodi baba alinishika mkono, akaniuliza yamefika, nikamwambia yamefika, akaitikia kwa kichwa. Aliwekewa oksijeni usiku huo, madaktari walifanya lililowezekana, na Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, alfajiri, aliaga dunia.

Jana afisa nyumba alikuja kunipa pole, na mimi nikamuuliza, kwa sababu sikulala nikiliwaza, akasema dada, mkataba wa mtu mmoja unaisha na huyo mtu, kwenye daftari letu wewe ni mgeni, chumba kinatakiwa kiwe wazi mwisho wa mwezi, na mimi sheria hii sikuitunga. Akasema naweza kujiandikisha upya kwa nyumba ya familia, awamu ya pili, nikamuuliza inaanza lini, akaangalia yale mabati. Akasema anayefuata kwenye foleni ni mama mwenye mtoto, aliandikwa peke yake kabla hajajifungua, hana makazi tangu 2021, analala stoo ya duka. Nilitaka nimchukie yule mama usiku kucha, nimeshindwa, hata sura yake siijui, na sisi kule sebuleni tulikuwa tunaomba mtu kama yeye asitutangulie. Sasa sijui nimuombe nini Mungu. Baba mdogo anasema kochi lipo, lakini mama mdogo anaumwa miguu na ndiye analala pale siku hizi, nimeona. Sisomi haya ili mtu aaibike, nayasoma kwa sababu ni sehemu ya historia yake, alijenga nyumba za watu kwenye sakafu saba na yake aliandika yuko peke yake, akidhani ana muda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hasa muuguzi wa zamu ya usiku aliyemshikilia mjukuu ili mimi nimshike baba, tunawashukuru mafundi bomba mliofunga kazi leo, injinia na ofisi ya mradi kwa jeneza na gari, waliobeba kiti, majirani wa kila ghorofa mliopika, mliochota maji, mliolala na mimi, Mama Cherehani ambaye kile kiti amekirudisha pale pale na hataki mtu akikalie, na wewe afisa nyumba, nakushukuru kwa bega lako, na nakuomba jambo moja tu lililo ndani ya uwezo wako, akija huyo mama mwambie dirisha la mwisho linafunguka ukilisukuma kwa juu, mwambie afunike soketi za sakafuni kabla hajamuweka mtoto chini, na kile kibao msikitoe.

Marehemu ameacha ndugu mmoja, mtoto mmoja na mjukuu mmoja. Tukitoka hapa nitampandisha huyu mtoto juu, maana mpaka mwisho wa mwezi bado ni wageni pale, na maji yapo.

Pumzika kwa amani, baba, wewe ngazi zako zimeisha.